Kukabidhi ufunguo hakumpi mtu nyumba ya halmashauri

SWALI: Nina umri wa miaka 32, sina mke wala mtoto, na nina kibali cha kudumu cha kuishi Uingereza. Nimepanga chumba katika nyumba tunayokaa watu watano. Saa zangu za kazi ghalani zimepunguzwa, na mwenye nyumba ametuambia kwa mdomo kwamba anataka kuuza. Mtu mmoja anayewajazia watu fomu amenishauri nikabidhi ufunguo sasa, nilale kwa rafiki wiki chache, kisha niende halmashauri nikiwa sina makazi, ili nipewe nyumba haraka. Anataka pauni 350, na katika fedha hizo atanitafutia pia barua ya daktari. Anasema hata nikipanga studio (chumba kimoja chenye jiko na bafu lake) kwa mtu binafsi, serikali italipa pango lote. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, usikabidhi ufunguo. Ningeweza kuishia hapo, lakini ushauri uliopewa ndio ule ule ninaoletewa kila mara, na kwa kawaida anayeuleta ameshautekeleza nusu. Ninayoyaeleza ni ya Uingereza yenyewe (England), kwani Uskoti na Wales zina sheria zao.

Neno la mdomo la mwenye nyumba si notisi. Mpangaji wa kawaida halazimiki kutoka mpaka apewe notisi ya maandishi iliyo sahihi, kisha mahakama itoe amri, kisha maofisa wake waitekeleze. Kuanzia tarehe 1 Mei 2026, chini ya Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025, mwenye nyumba anayetaka kuuza anapaswa kuitaja sababu hiyo na kutoa notisi ya miezi 4. Anayeishi ndani ya nyumba ya mwenyewe na kutumia naye jiko na bafu hana ulinzi wa namna hiyo, na huyo anapaswa kutafuta msaada mapema zaidi.

Sasa tuje kwenye dhana inayowaponza watu wengi, kwamba asiye na makazi hupewa nyumba. Tangu Aprili 2018, Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya mwaka 2017 ilipoanza kutumika, halmashauri inawajibika kumsaidia mtu yeyote mwenye sifa anayeelekea kupoteza makazi yake ndani ya siku 56, awe na watoto au asiwe nao. Hili ni jambo kubwa kwa mtu asiye na familia, kwa sababu zamani aliambiwa tu aende akajitafutie. Lakini msaada wenyewe ni mpango wa maandishi, mazungumzo na mwenye nyumba, na pengine fedha za dhamana ya chumba kingine, si funguo. Makazi yakishapotea, zinaanza siku nyingine 56 za kusaidiwa kupata mahali. Baada ya hapo, jukumu la kukupa makazi hubaki kwa ajili ya wale ambao sheria inawahesabu kuwa na uhitaji wa kipaumbele, hasa wajawazito, wenye watoto wanaowategemea, waliokimbia ukatili wa nyumbani, baadhi ya vijana waliolelewa na serikali, na waliodhoofishwa na uzee, maradhi au ulemavu. Mwanamume wa miaka 32 mwenye afya njema hayumo katika orodha hiyo, na kwa sababu hayumo, halmashauri hailazimiki kumpa hata kitanda cha usiku wa kwanza. Anafika na begi lake, anaandikishwa, anapewa mpango wake, na jioni ofisi ikifungwa anarudi kwenye sofa la rafiki. Aliyemshauri akabidhi ufunguo amempotezea zile siku 56 za mwanzo ambazo zingeweza kumwokoa.

Hata anayestahili kipaumbele hafaidiki na ujanja huu. Sheria ya Makazi ya mwaka 1996 inasema kwamba aliyeacha kwa makusudi makazi ambayo angeweza kuendelea kuyakalia amejiondolea mwenyewe haki ya kupewa makazi ya muda mrefu, na inawataja waziwazi hata wale wanaopanga na mtu mwingine wafukuzwe ili wasaidiwe. Kutoa maelezo ya uongo katika ombi hilo ni kosa la jinai.

Barua ya daktari nayo imegeuzwa bidhaa. Nyingi ninazoletewa zinasema mgonjwa anahitaji nyumba ya chumba kimoja, ghorofa ya chini, kana kwamba daktari ndiye anayegawa nyumba. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba udhaifu wa mtu hupimwa kwa kumlinganisha na mtu wa kawaida ambaye naye amekosa makazi, si na watu ambao tayari wanalala mitaani. Kwa hiyo barua yenye maana hueleza maradhi ni yapi, yanatibiwaje, na hali yako itaharibika vipi kuliko ya mwingine endapo hutakuwa na mahali pa kulala. Hiyo huandikwa na daktari anayekufahamu.

Orodha ya nyumba za halmashauri ni suala jingine kabisa. Jiandikishe, lakini ujue kwamba waombaji hupangwa kwa uhitaji, na miaka ya kusubiri mara nyingi huamua tu kati ya watu wa daraja moja. Tangu Sheria ya mwaka 2011 iliyozipa halmashauri madaraka zaidi, nyingi hudai uwe umeishi katika eneo lao kwa muda fulani, na baadhi humshusha daraja aliyeharibu hali yake kwa makusudi.

Kuhusu ruzuku ya pango, mtu wa umri wako haombi tena Housing Benefit ya zamani, isipokuwa yuko katika makazi maalumu au ya muda; fedha za pango huja ndani ya Universal Credit, yaani malipo ya pamoja ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mpangaji wa mtu binafsi aliye peke yake na hajafikisha miaka 35 hupimwa kwa kiwango cha chumba katika nyumba ya pamoja, hata akipanga studio, na tofauti inayobaki anailipa mwenyewe. Wamo wanaosamehewa, kama vile waliokaa hosteli za wasio na makazi kwa miezi 3 au zaidi na baadhi ya wenye ulemavu. Kwa kuwa bado una kazi, kila pauni ya mshahara unaopokea mkononi itapunguza malipo kwa peni 55. Ukiwa na akiba inayozidi pauni 16,000 hupati kitu. Malipo ya kwanza huchukua wiki 5 hivi, na fedha za kutangulizwa ni mkopo, kwa hiyo omba sasa saa za kazi zilipopungua, usingoje deni la pango.

Vishoka hawa hawaulizi hata kibali cha mteja wao. Wewe una kibali cha kudumu, lakini wapo wanaojaziwa fomu za Universal Credit ilhali viza zao zinawakataza kupokea fedha za umma, na ombi hilo linaweza kuwaharibia hata ukaazi wenyewe. Wengine huuziwa ufunguo wa nyumba ya halmashauri iliyopangishwa mtu mwingine, jambo ambalo kwa sheria ya mwaka 2013 ni jinai kwa mpangaji anayeipangisha. Siku ikigundulika, aliyelipa hutolewa nje bila haki yoyote juu ya nyumba hiyo. Fomu za halmashauri hazilipiwi. Mashirika ya hisani ya Citizens Advice na Shelter hushauri bure, na uamuzi wa kukunyima msaada wa makazi unaweza kuombewa mapitio ndani ya siku 21 tangu ujulishwe. Barua hiyo ya uamuzi itunze pamoja na bahasha yake, kwa sababu ubishi wa tarehe hauishi.