Mteja Akikwambia "Ina Virusi"

Wewe uliyeanza juzi kutengeneza kompyuta za watu, neno utakalolisikia kuliko yote ni "ina virusi". Usimbishie mteja, ila usimwamini haraka. Kwake virusi ni chochote kinachoifanya mashine iwe nzito, hata feni iliyoziba vumbi.

Mwanzoni nilikariri majina: kirusi, mnyoo, Trojani, programu ya kijasusi. Yalinichanganya tu, maana majina mengine hueleza jinsi mdudu anavyosafiri na mengine hueleza anachofanya akishafika. Chukua WannaCry, programu ya uharibifu iliyosambaa Mei 2017. Ilihama yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia mtandao, bila mtu kubofya kitu. Huo ni mnyoo. Ikishaingia ilifunga mafaili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Huo ni utekaji. Majina yote mawili ni sahihi. Na tundu ililopitia, Microsoft walikuwa wameshaliziba tangu Machi mwaka huohuo, kwa waliokubali kusasisha Windows.

Kwa hiyo ukishuku mnyoo ofisini, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi kabla hujasafisha chochote. La sivyo utafika mashine ya sita, na ya kwanza imeshaambukizwa tena.

Kirusi chenyewe hujibandika kwenye faili nyingine na kungoja ifunguliwe. Trojani hufunguliwa mlango na mwenye nyumba: programu ya kulipia inayogawiwa bure, au "risiti" kwenye barua pepe. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho wa jina la faili, hivyo risiti.pdf.exe utaiona risiti.pdf tu, tena aliyeitengeneza anaweza kuipa alama ya PDF. ILOVEYOU, mnyoo wa barua pepe wa mwaka 2000, ulipita hapohapo: faili lake liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, watu wakadhani ni maandishi. Mashine yoyote ikipita mikononi mwangu, naziweka herufi hizo zionekane. Haichukui hata dakika.

Halafu flashi. Siku moja nililetewa flashi ambayo folda zote zimegeuka njia za mkato (shortcut). Nikaona mafaili yameshaliwa, nikaifomati. Kumbe yalikuwa yamefichwa tu! Kazi ya mtu ya muhula mzima, na mimi ndiye niliyeifuta. Siku hizi nachukua kompyuta yenye antivairasi iliyosasishwa, nasafisha flashi bila kubofya njia yoyote ya mkato, kisha naandika kwenye dirisha la amri (Command Prompt): attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi; yako inaweza kuwa nyingine). Folda zinarudi.

Mafaili yaliyofungwa na watekaji ni habari nyingine. Mara nyingi hutayafungua, na kulipa hakukuhakikishii kitu. Kinachookoa ni nakala, na diski ya nakala iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na mengine. Mwelekeze mteja: chomeka, nakili, chomoa, weka kabatini.