Ukitaka Wazee Wakueleze Habari za Tambiko, Anzia Msibani

Dada mmoja anayesoma Iringa amenitumia ujumbe. Kila akiwauliza wazee wa kijijini kwao habari za tambiko, wanamjibu, "Siku hizi ni kanisa tu, mwanangu." Mdogo wangu, karibu chamani.

Utafiti wangu wa misiba na dini niliufanyia kwetu Rungwe, nchi ya Wanyakyusa. Umepita, tena kwa alama ambazo waliokuwa wakinicheka hawakuzitarajia. Kuna mwalimu aliyesema mbele ya darasa zima kuwa nakusanya hadithi za bibi. Nimemsamehe. Kusahau ni habari nyingine.

Ya vibali sina la kusema: barua ya chuo, wilayani, mtendaji, basi.

Ukifika na dodoso linalouliza "Je, unaamini mizimu?", ujue umechelewa. Wamisionari wa Moravian na wale Walutheri wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na tangu hapo wazee wanalijua jibu linalompendeza muulizaji. Mimi daftari nililiacha nyumbani, nikaenda msibani kumenya ndizi na akina mama. Moshi umenijaa machoni, akaja mzee wa kanisa, kitabu cha nyimbo kikichungulia kwenye mfuko wa koti. "We ni mtoto wa nani?" Nilipomtaja babu, akaanza mwenyewe kunieleza kwa nini jeneza halitoki mpaka shangazi fulani afike, na nani atatangulia kutupa udongo. Akamaliza, akainuka kwenda kuongoza sala. Yeye hakuona ugomvi wowote hapo, nami sikumtafutia.

Vitabu someni, sikatai. Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, wanaanthropolojia, walifanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, na sikuona walioandika misiba yetu kwa kina kama wao. Ila kumbuka nani alikuwa anatawala: Mwingereza, tena kwa kupitia machifu. Ukimwambia mzungu nani ana haki ya kutambika, umemwambia pia nani ana haki ya kiti. Maneno yalipimwa.

Na wewe uko Iringa! Fika Kalenga. Fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilichukuliwa na Wajerumani hao, likarudishwa hapo Kalenga 1954 na gavana wa Kiingereza, Twining, kwa sherehe. Halafu unamshangaa mzee wa Kihehe anayekujibu kwa tahadhari?

Ndugu zangu wasomi, acheni kuandika sura ya "athari za Ukristo" kabla hamjakaa jamvini. Osheni vyombo. Msiba ukiisha, rudini kusalimia mikono mitupu. Rekoda iombeni baadaye, na mkinyimwa, msinune.