Mizizi ya pilipili haitaki joto la ndoo

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kwa nini miche ya pilipili iliyostawi vizuri kwenye vikopo hudumaa ikishahamishiwa kwenye ndoo, hata ikimwagiliwa kila siku. Mimi ni mkazi wa Mikindani, na kwa hali ya pwani yetu ya Mtwara nasema mche hauna kosa. Kinachoudumaza ni joto la ndoo na maji yasiyopata pa kutokea. Huko kumwagilia kila siku ndiko mara nyingi kunakouua.

Tuanze na ndoo yenyewe. Ndoo tupu ya rangi au dumu lililokatwa juu vyote vinafaa vikioshwa, ila vitobolewe matundu matano au sita. Tundu moja la katikati halisaidii, kwa sababu ndoo ikikaa barazani sakafu inaliziba. Inyanyueni kwa vipande vya tofali. Saruji ya saa nane mchana huwezi kuikanyaga peku, na mzizi uliogusa ukuta wa ndoo nyeusi unapata adha hiyohiyo. Ndoo nyeupe ni afadhali. Kama mnayo nyeusi, ivisheni kiroba.

Udongo ndipo penye kazi. Mchanga wa uani kwetu haushiki maji wala hauna rutuba, na udongo mzito wa bondeni ukijazwa peke yake unashikamana hadi mizizi inakosa hewa. Mimi nachanganya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, na moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi lazima yalowekwe na kusuuzwa mpaka maji yaache kutoka mekundu, maana mara nyingi yana chumvi. Na tafadhali sana, maganda ya korosho msiyatandaze kwenye ndoo, hata kama yamejaa mtaani. Mafuta yake yanababua mikono ya wabanguaji. Karibu na mzizi mchanga yanatafuta nini?

Mche ukifikisha majani sita hivi, umwagilieni asubuhi, kisha uhamisheni jioni jua likishapoa. Pitisheni shina katikati ya vidole viwili, pindueni kikopo, gongeni kitako chake taratibu. Bonge la udongo litoke zima. Hapo litazameni kwa makini. Mizizi myeupe iliyofika ukingoni inaonyesha mche uko tayari. Ikiwa imejizungusha chini, ilegezeni kwa ncha ya kidole bila kuikata. Ikiwa ya kahawia na inanuka, maji yalizidi tangu kwenye kikopo. Bonge likianza kumomonyoka, urudisheni mche kikoponi usubiri kidogo. Upandeni kwa kina kilekile ulichokuwa nacho. Wengi huufukia shina kwa mazoea ya nyanya, lakini nyanya huotesha mizizi kwa urahisi kwenye shina lililofukiwa, pilipili si hodari kwa hilo.

Kivuli cha mwembe au chandarua kikuukuu kwa wiki moja, halafu jua kidogokidogo. Mbolea ingoje.

Kuhusu maji, msifuate kalenda. Chomekeni kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Kukiwa kukavu, mwagilieni mpaka maji yatoke chini, kisha acheni. Wenye visima karibu na bahari waangalie kingo za majani, zikikauka kama zilizobabuliwa, washuku chumvi. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi, kwa hiyo maji ya bati yakingwe mapema. Ndiyo maana napenda kuhamisha miche mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zipo, ili ishike kabla upepo wa kusi haujaanza kukausha kila kitu.

Pilipili kichaa hutosheka na ndoo ya lita 10, lakini pilipili mbuzi ipeni ya lita 20. Maua ya mwanzo yakitoka mche ukiwa bado mdogo, yachumeni bila huruma ili nguvu iende kwenye mizizi na matawi. Nyumbani kwetu ming'oko, vile viazi vya porini, haiandaliwi bila pilipili, na mche mmoja wa pilipili kichaa ulioshika vizuri kwenye ndoo huzaa zaidi ya mwaka mmoja.

Msomaji wenu, Mikindani, Mtwara