Muulize Fundi: Kitufe kimoja, king'amuzi kinazima

SWALI: Mbukwa fundi! Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kisasa hapahapa Dodoma. Sebuleni nina runinga, king'amuzi na sabufa, kila kimoja na rimoti yake. Mwanangu kaniletea rimoti moja ya kunakili, yaani inajifunza ishara za rimoti nyingine, na ina kitufe kinachotuma amri kadhaa kwa mpigo. Tukaiseti: runinga iwake, king'amuzi kiwake, sabufa iwake, kisha runinga iende HDMI 1, tundu la king'amuzi. Siku moja inakubali, siku nyingine runinga inawaka na king'amuzi kinazima. Mama mkwe akija kutoka Mpwapwa ndiyo balaa kabisa, picha haipati. Je, rimoti ni mbovu?

JIBU: Mbukwa, na shikamoo mwalimu. Rimoti yako ni nzima.

Tazama kitufe chekundu cha king'amuzi. Ndicho cha kuwashia, ndicho cha kuzimia, na mara zote mbili kinatuma ishara ileile. Rimoti nayo inatuma tu, haipokei jibu, kwa hiyo haijui kama king'amuzi kimelala au kiko macho. Wajukuu wakikiacha kinawaka mchana, jioni ukibonyeza kitufe chako unakizima mwenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, kuna vyombo vinavyorudi vinawaka na vingine vinabaki vimelala, na mpango wote unavurugika.

Fanya hivi. King'amuzi kikiwa kimelala, chukua rimoti yake ya asili ubonyeze namba 1. Vingi huamka kwa namba au kwa kitufe cha chaneli, na kama tayari viko macho vinahama chaneli tu, havizimi. Kikiamka, futa kile chekundu kwenye mfuatano, weka namba 1 mahali pake. Runinga ijaribu vivyo hivyo. 

Sabufa ndiyo kichwa ngumu. Nyingi ninazoletewa hapa Majengo zina kitufe kimoja tu na namba haziziamshi. Wateja hawapendi kulisikia hili, lakini mimi ningeitoa kwenye mfuatano, iwashwe kwa swichi yake. Bora kitufe kinachofanya mambo matatu kila siku kuliko kinachofanya manne kwa kubahatisha.

Mpangilio nao una maana. Runinga ikishawaka hukaa sekunde kadhaa kabla ya kusikia amri nyingine. Iweke ya kwanza, HDMI 1 iwe ya mwisho, na kama rimoti inakuruhusu kuweka pumziko, weka sekunde 10 kabla ya hiyo HDMI.

Sasa mama mkwe. Nadhani anabonyeza halafu anailaza rimoti mezani, wengi hufanya hivyo. Amri zinasafiri kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho: za mwanzo zinafika, za mwisho zinaishia kwenye stuli. Aishike ameielekeza mpaka kitaa chake kiache kumetameta. Na kile kitambaa cha kufuma juu ya king'amuzi (kipo, sebule za Dodoma nazijua) kisining'inie mbele ya jicho.

SWALI: Fundi, niko Nkuhungu. Rimoti yangu ya kunakili inakubali kila kitu isipokuwa ile rimoti nyembamba ya sabufa. Nimebonyeza mpaka kidole kinauma.

JIBU: Washa kamera ya mbele ya simu, ielekezee ile nyembamba, bonyeza. Usipoona mwanga mweupe au wa zambarau kwenye kioo cha simu, badilisha betri; nyingi hutumia ile bapa ya CR2025. Mwanga ukionekana, basi tatizo ni mahali unapofanyia kazi. Jua la hapa kwetu lina infraredi tele, linaizibia rimoti masikio. Ondoka dirishani, funga pazia, zilaze rimoti mbili zikitazamana usoni, nafasi ya vidole viwili kati yake, ubonyeze kwa kifupi.

SWALI: Nina runinga na saundiba tu, zimeungwa kwa waya wa HDMI. Ninunue rimoti ya namna hiyo? Msomaji, Kondoa.

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Ingia kwenye mipangilio ya runinga utafute HDMI-CEC, njia ya vyombo kuamrishana kupitia waya wa HDMI. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink, Sony wanaiita Bravia Sync. Iwashe, na kama saundiba nayo ina mpangilio huo, uwashe pia. Ukiwasha runinga, saundiba itaamka yenyewe, na sauti utaipandisha kwa rimoti ya runinga. Hakikisha tu waya umeingia kwenye tundu lililoandikwa ARC, lile linalopeleka sauti ya runinga kwenye saundiba, pande zote mbili. Wengi huchomeka lolote lililo karibu, kisha wanakuja kuniambia saundiba ni bubu.