Tarawehe ya wanawake wenyewe
Dada umeuliza kama wanawake tunaweza kuswali tarawehe (ile swala ya usiku ya Ramadhani) wenyewe, na alie hedhini abaki nyumbani au aje. Kwa Mashafii (wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii) inafaa kabisa, imepokewa kwamba wake wa Mtume, Bi Aisha na Bi Ummu Salama r.a., waliwaswalisha wenzao, ila imamu wenu asitangulie mbele peke yake, anasimama katikati ya safu ya kwanza bega kwa bega na nyie (Wahanafi, madhehebu nyingine, wao wanaona ni karaha, yaani haipendezi). Na alie hedhini aje jamani msimuache! Kweli haswali wala hafungi, swaumu atailipa baadae, ila darsa anasikiliza, dhikri na dua analeta kama kawaida. Kama mnaswalia msikitini mtengeeni sehemu ya nje ya msikiti asikie. Sie tunasoma juzuu moja ya Kurani kwa siku, 30 zinaisha na mwezi, mmoja anasoma kwa sauti wengine tunafata kwa kidole, akikosea herufi ustadha anamrudisha hapohapo mpaka ile ain itoke kooni. Mwaka jana bibi mmoja alilia siku alivyomaliza Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani, bila kusahihishwa hata mara moja, na sisi sote tukalia.