Wakisema mbegu ya dukani ni GMO, usikimbilie kuwasomesha

Kamwene wasomaji wangu. Bwana shamba mmoja kijana, mgeni kule Mufindi, ameniandikia: "Kaka, wakulima wanakataa mbegu chotara, wanasema ni GMO, zinaua uzazi. Nimeeleza mpaka nimechoka. Nifanyeje?" GMO ni mazao yaliyobadilishwa vinasaba maabara; chotara ni mbegu inayotokana na kuchavusha aina mbili za zao lilelile.

Mdogo wangu, hayo nimeyapitia hapa Kilolo. Kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja alisimama akaniuliza mbele za watu, "Wewe umelipwa shilingi ngapi?" Akapigiwa makofi. Mpaka leo linaniuma, maana mbegu hiyohiyo nilishaipanda kwangu na wanangu wanakula ugali wake.

Ukweli wa kitaalamu nilikuwa nao. Majaribio ya mahindi ya GMO yalifanyika Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016; mwaka 2018 serikali ikayasimamisha, na hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kulimwa kibiashara nchini. Chotara za kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, kama UH6303 ni mahindi yaliyochavushwa kwa mahindi. Nilisema yote hayo, hakubadilika hata mmoja. Kilabuni kwenye ulanzi, neno la jirani aliyekusaidia kumzika baba yako lina uzito kuliko cheti cha mtaalamu.

Nikaanza kuwauliza wameona nini. Mama mmoja, mpinzani mkubwa, akanifunulia kiganja chenye rangi nyekundu ya mbegu. "Hii si sumu?" Ni sumu kweli, mama, nikamjibu; ni dawa ya wadudu na ukungu, rangi imewekwa ili mtu asizile. Akaendelea: alihifadhi mbegu kutoka mavuno yake, msimu uliofuata yakaota marefu kwa mafupi, magunzi yana mapengo. Hilo nalo kweli, chotara ukiirudia inapungua nguvu. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake, kisha akasikia habari za GMO, ataunganisha tu. Huyo si mjinga!

Tukapanda aina mbili kwenye shamba lake, mistari kwa mistari. Mbelewele za mistari ya kike, ile ya kuzaa mbegu, zilipochomoza akazing'oa kwa mkono wake, ili ichavushwe na ile aina nyingine tu; ndivyo chotara inavyotengenezwa. "Kumbe ndiyo hivi tu?" Msimu huu amepanda chotara nusu shamba, na majirani wanakwenda kumuuliza yeye.

Kwa hiyo sikiliza kwanza. Kubali lililo kweli. Waambie wazi kwamba mbegu watanunua kila msimu, na bei yake. Fulana ya kampuni ya mbegu iache nyumbani. Halafu sikiliza tena. Mfuate anayekupinga kwa sauti kubwa, umwombe kipande cha shamba kabla mvua za Novemba hazijaanza.