Kujiandaa na uzazi wa kwanza ukiwa nyumbani, bila darasa

Mdogo wangu, umeuliza utajiandaaje na uzazi wa kwanza wakati huko Mpwapwa uliko hakuna mafunzo ya wajawazito, mume yuko safarini na lori, na mimba imefika wiki ya 31. Kwanza hongera. Mimi nina watoto watatu, wote nimewazalia huku Muheza, na darasa sijawahi kukanyaga. Muda uliobaki unatosha kabisa. Ila usiutumie wote kusoma mambo kwenye simu peke yako. Tafuta mtu mmoja atakayekuwa na wewe siku hiyo, mfanye mazoezi pamoja kuanzia sasa. Ukishampata huyo, mengine yanakuwa mepesi.

Tuelewane: unajiandaa nyumbani, unazaa kituoni. Damu ikikutoka nyingi baada ya mtoto, hakuna muda wa kuanza kutafuta gari, na sindano ya kuizuia iko kwa mkunga.

Huyo mtu si lazima awe mama mkwe wala anayekupenda kuliko wote. Awe anayeweza kukuona unaumia na asichanganyikiwe. Mama yangu mzazi nampenda, lakini nikigumia tu naye machozi yanamtoka, kwa hiyo nilimchagua dada yangu mkubwa. Ukienda kliniki uliza mapema kama wodi yao ya uzazi inaruhusu msindikizaji aingie, maana kila kituo kina utaratibu wake. Hata wakikataa, bado atakufaa sana, kwa sababu uzazi wa kwanza huchukua muda mrefu na saa nyingi za mwanzo unakuwa bado nyumbani.

Mazoezi yetu tulikuwa tunafanya jioni baada ya kula. Kama nesi hajakukataza mazoezi kwa sababu ya presha au kondo la nyuma kukaa chini, simama umeegemeza mgongo ukutani, shuka kidogo kana kwamba unakaa kwenye kiti, ukae hivyo hivyo. Mapaja yakianza kuwaka ndipo unajifunza kupumua: vuta hewa puani taratibu, itoe mdomoni polepole zaidi ya ulivyoivuta, legeza taya, legeza mabega. Dada alikuwa ananiangalia mabega tu. Yakipanda anayagusa, basi, haongei. Siku ya uchungu alifanya vile vile, na mwili ukawa umeshazoea ule mkono.

La pili, ambalo kwangu lilikuwa na faida kuliko yote, ni mgongo. Piga magoti kwenye mkeka, laza kifua na mikono juu ya kitanda. Msaidizi wako aweke kiganja chini kabisa ya mgongo, pale kwenye mfupa juu ya makalio, akandamize kwa ile sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono, kwa kuegemeza uzito wake. Asisugue. Ukisuguliwa muda mrefu ngozi inawaka na unaanza kumchukia. Akandamize, atulie, asiachie mpaka uchungu upite. Mfanye sasa ili ajue ni wapi hasa na kwa nguvu kiasi gani, kwa sababu siku ile hutakuwa na maneno ya kumweleza.

Kuhusu kujua uchungu wa kweli: ukitembea, ukabadilisha mkao au ukaoga maji ya uvuguvugu tumbo likatulia, bado. Wa kweli unazidi kukaza na kukaribiana hata ufanye nini. Hesabu kuanzia mwanzo wa uchungu mmoja hadi mwanzo wa unaofuata. Kwa mimba ya kwanza wengi huambiwa waondoke ukiwa unakuja kila dakika 5, unadumu kama dakika moja, na umeendelea hivyo kwa saa nzima. Wewe kama kituo kiko mbali, usisubiri hapo, ondoka mapema. Dada yangu alikuwa anaandika saa na dakika nyuma ya daftari la hesabu la mwanawe, na tulipofika mapokezi nesi alilisoma lile daftari badala ya kunihoji katikati ya uchungu. Na usisukume kabla mkunga hajakwambia njia imefunguka yote, hata kama mama mmoja kitanda cha pili anakuhimiza.

Kuna mambo ambayo hayana kuhesabu dakika: damu kutoka, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, degedege, homa kali, mtoto kupunguza kucheza, au maji ya uzazi kutoka, hasa yakiwa ya kijani. Hapo ni safari, iwe saa nane za usiku. Kwa dharura kuna m-mama, huduma ya usafiri kwa wajawazito na watoto wachanga, unapiga 115 bure. Pia zungumza mapema na dereva wa bajaji au gari unayemwamini, namba yake iandikwe ukutani, isikae kwenye simu inayoweza kuzimika. Tafuta na watu wawili walio tayari kukutolea damu.

Mkoba sitakuchosha nao. Omba orodha kituoni kwako, maana wengine wanataka mpira wa kulalia, glovu, pamba na vibanio vya kitovu, wengine wanavyo. Khanga za zamani zilizofuliwa ni bora kuliko mpya, zinanyonya maji. Kadi ya kliniki ikae humo humo.

Utaletewa dawa ya mizizi ya kuharakisha uchungu, nakuhakikishia, na atakayeileta atakuwa ni mtu unayemheshimu. Pokea kwa adabu, usinywe. Dawa hizo hazina kipimo. Zinaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, mtoto akakosa hewa au mfuko ukapasuka. Mkunga mkongwe wa hapa kwetu aliniambia wanawake huwa wanamficha kwamba wamekunywa, naye anahangaika kutafuta sababu. Kama umeshakunywa, sema.

Mtoto akitoka mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza. Maziwa yale mazito ya njano ndiyo kinga yake, usiyakamue na kumwaga. Kitovu kiwe kikavu na safi, kisipakwe majivu wala mafuta. Na kukandwa tumbo kwa maji ya moto kwa nguvu, kataa, nimeona mzazi ameungua ngozi.

Sasa mume wako. Kuwa barabarani hakumtoi kwenye maandalizi. Mpigie leo umsomee hizo dalili za hatari hapo juu, na mkubaliane waziwazi kwamba ikitokea mojawapo unaondoka bila kusubiri yeye apokee simu au atoe ruhusa. Amwambie hivyo na mama yake, kwa mdomo wake mwenyewe, ili usiku huo asitokee mtu wa kusema tumngoje baba. Na nauli aitume sasa hivi, ikae kwenye simu ya yule uliyemchagua.